Gari la Baba na Kijiji cha Ukingoni

Mama alianza kumshuku baba kwa sababu ya ugoro. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akinusa ugoro, na baba hakuvuta hata sigara. Lakini kila Ijumaa, akishatoka msikitini na kubadili kanzu, alifunga ugoro kidogo kwenye karatasi ya kaki, akautia mfukoni, akapakia chumvi, mafuta ya taa na sabuni kwenye lori, akaondoka. Hakumchukua dereva wake wala utingo. Alirudi kabla ya magharibi, viatu vimejaa vumbi, na hakusema alikotoka.

Tulikuwa na duka Majengo, pale Sumbawanga, mahali ambapo barabara ya Mbeya inakutana na zile zinazoteremkia Kasanga ziwani na kwenda Kasesya mpakani. Nilikuwa nimemaliza shule na nilisimama kaunta pamoja na mama. Wafipa wa vijijini walikuja asubuhi na maharage na ulezi vichwani, wakarudi na chumvi na viberiti. Tuliishi nao hivyo miaka yote, lakini hatukuaminiana. Wao waliionja chumvi yetu kabla ya kuipokea, kana kwamba tungeweza kuwapa mchanga. Sisi tulizamisha mkono mpaka chini ya kapu la maharage tukitafuta mawe. Mkono ukitoka bila jiwe, hakuna aliyeomba radhi. Tuliwachukulia kama watu wa shamba wenye mambo yao ya gizani. Wao walituchukulia kama Waswahili, na kwao neno hilo lilikuwa na maana ya mtu asiye na kwao.

Mama alizaliwa Kasanga, kwenye ukoo wa watu wenye mashua. Ndugu zake walivusha mizigo mpaka Zambia na Kongo, na walipokuja kututembelea walilalamikia baridi ya uwanda wetu wa juu na kuwacheka watu wake. Baba aliwasikiliza akitabasamu. Tulijua kuwa alilelewa na mfanyabiashara mmoja mzee wa hapo mjini, ambaye hakuwa na mtoto mwingine, na kuwa mzee huyo alipokufa alimwachia duka. Zaidi ya hapo hatukuwahi kuuliza. Mjini kwetu watu walikuwa wametoka kila upande, na kumuuliza mtu mzima asili yake ilikuwa kama kumfungulia sanduku.

"Ana mke," mama aliniambia Ijumaa moja, lori lilipokata kona.

"Kama ni mke, dini inamruhusu," nikasema. "Kwa nini afiche?"

"Hilo ndilo linaloniuma. Angeniambia ningenuna, ningemaliza. Mtu anayeficha halali, haramu ataifanyaje?"

Mimi nilifikiria ule ugoro. Sikumfahamu mwanamke kijana aliyenusa ugoro, ila sikusema, maana mama hakuwa katika hali ya kuondolewa shuku yake.

Wengine nao walikuwa na zao. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye sauti ya kunong'ona, alipita dukani kila Jumamosi. Alitusalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, halafu akauliza, kana kwamba limemponyoka, "Na mzee jana alielekea wapi? Sikuliona lori." Miaka ile bidhaa zilikuwa haba, na mtu mwenye gari aliyetoka na chumvi akarudi mikono mitupu alikuwa na kesi ya magendo kabla hajafungua mdomo. Mama alijibu kuwa mumewe alikwenda kutafuta maharage. Balozi alitazama sakafu ya duka, ambako hakukuwa na gunia jipya hata moja, akaaga.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa.

Ajabu yake ni kwamba Wafipa tangu zamani hawakuishi mmoja mmoja porini. Walikaa vijijini, nyumba kwa nyumba, na mashamba yao ya matuta yakiwazunguka. Lakini vijiji vingine vilikuwa mbali na barabara, na serikali ilitaka watu wawe karibu na shule, bomba na zahanati. Magari ya serikali hayakutosha, kwa hiyo malori ya watu binafsi yakaagizwa kusaidia. Katibu kata alikuja mwenyewe dukani. Akamwambia baba kuwa lori lake litabeba watu wa kijiji kimoja cha mashariki, kule ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo nchi inakatika na kuporomoka kuelekea bonde la Rukwa.

Baba alipolisikia jina la kijiji, aliweka chini jiwe la mzani alilokuwa ameshika.

"Dereva wangu ana homa," akasema. "Nitaendesha mwenyewe."

Dereva alikuwa nje, anaosha vioo huku akiimba. Katibu kata alimsikia. Mama alimsikia.

Jioni ile mama aliniita jikoni. "Kesho panda naye," akasema. "Ukamwone huyo mtu. Usiniletee habari za kupunguza, niletee kama zilivyo."

Alfajiri nilipanda lori nikiwa nimejitanda blanketi juu ya kitenge, maana ilikuwa baridi ya kung'ata masikio. Baba aliniona. Akaugeukia mlango wa nyuma, ambako mama alisimama na taa, kisha akawasha gari. Tulitoka mjini tukiwa na mgambo wawili nyuma. Katibu kata alitangulia na gari dogo. Baadaye tuliiacha barabara, tukaanza kufuata njia ya majani. Njia hiyo ilikuwa na alama za zamani za matairi mapana. Nilizitazama zile alama, yeye akanitazama mimi.

"Ni za lori hili," akasema.

"Najua, baba."

"Usishuke mpaka nikuambie."

Kijiji tulikikuta kimeamka na kimejipanga. Watu walikuwa wametoa vyombo nje: mitungi, vinu, majembe, kuku waliofungwa miguu. Wengine waling'oa milango yao, kwa kuwa mbao ni kitu cha kuhama nacho. Hawakulia wala hawakugomba. Walitutazama tu. Nilikuwa nimezoea kuwatazama Wafipa kutoka nyuma ya kaunta, na siku ile niliona jinsi inavyokuwa ukitazamwa wewe. Kila jicho lilikuwa juu ya lori letu, na nilidhani ni kwa sababu ya kuhamishwa. Baadaye nilielewa kuwa walikuwa wanalitambua.

Upakiaji ulikwenda vizuri mpaka nyumba ya mwisho. Mbele ya mlango wake alikaa ajuza mwembamba, amevaa rozari shingoni, amenyoosha miguu kama mtu anayeota jua. Hakuwa ametoa chombo hata kimoja.

"Bibi, panda gari," katibu kata akamwambia.

Ajuza akajibu kwa Kifipa, maneno machache, bila kuinua macho. Mgambo mmoja akaparamia ukuta, akaanza kuchomoa nyasi za paa. Nyasi zilimwangukia bibi mabegani, naye akazipangusa polepole, moja moja, kama mtu anayejitoa unga.

Baba alishuka. Alikwenda akasimama mbele ya yule bibi, halafu akachuchumaa, akapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo, kama Wafipa wafanyavyo wakimsalimia mkubwa. Kisha akaongea. Nilikuwa nikimsikia baba akitumia Kifipa cha dukani, cha kuuliza kuna nini kapuni. Hiki hakikuwa kile. Kilimtoka bila kukatika, na sauti yake ikawa nyembamba zaidi, ya mtu mdogo kuliko yeye. Bibi akamwita kwa jina nisilowahi kulisikia. Na katika jibu la baba nililikamata neno moja ambalo kila mtu wa Sumbawanga hulijua hata kama lugha haijui. Alimwita mama.

Nilishuka bila kuambiwa.

"Unamfahamu?" katibu kata alimuuliza.

"Ni mama yangu mzazi."

"Wewe Mswahili wa Majengo, mama yako huyu?"

"Mimi Mfipa," baba akasema. "Nilizaliwa ndani ya nyumba hii mnayoiezua."

Ningependa kusema kuwa mgambo alishuka ukutani kwa heshima. Haikuwa hivyo. Katibu kata alimtazama baba kwa muda, na niliona shuku ikibadilika usoni mwake, ikiacha sura moja na kuvaa nyingine. Mtu mwenye duka mjini, lori, na mama aliyefichwa ukingoni mwa uwanda. Akaamuru nyumba ipekuliwe. Wakatoa mablanketi mawili, ugoro kwenye karatasi ya kaki, na chumvi, sabuni na dumu la mafuta ya taa, vitu ambavyo kila Ijumaa nilisaidia kuvifunga kwa mikono yangu. Vikapangwa chini, mbele ya watu wote.

"Mama huyu anakula chumvi yote hii?"

"Anawagawia majirani," baba akajibu.

Katibu kata akawageukia majirani. "Ni kweli?"

Majirani wakanyamaza. Walikuwa na sababu. Anayekiri kupokea ndiye anayefuata kupekuliwa. Lakini nilimwona baba akiwatazama mmoja mmoja, na wao wakitazama kando, na nadhani jambo lile lilimuumiza kuliko nyasi zilizokuwa zikianguka. Vitu vikapakiwa kwenye gari dogo. Baba akaambiwa aripoti ofisini kesho yake.

Bibi alikuwa ameniona. Alimuuliza baba kitu, baba akajibu. Bibi akaniashiria nisogee, akanishika kifundo cha mguu, akakikagua kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Akaongea tena na baba.

"Anauliza," baba akanitafsiria, "umekuja kumwona au umekuja kumchunguza."

Wote walikuwa wananisikiliza. Nikasema, "Nimetumwa kuchunguza."

Baba alisita, lakini akatafsiri. Bibi akacheka kidogo kwa pua. Akasimama mwenyewe, akaingia ndani ya nyumba ambayo nusu yake tayari ilikuwa mwanga, akatoka na chungu, mkeka na jembe. Baba akamfungulia mlango wa mbele wa lori. Bibi akaupita. Akapandishwa nyuma pamoja na wenzake, akakaa juu ya mkeka wake, akatugeuzia kisogo.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi tu vilivyopigwa kwenye mistari kando ya barabara. Kila kaya ilionyeshwa vigingi vyake. Watu walianza kukata nyasi kujikinga kabla jua halijazama, kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika upande wa ziwa. Baba alimsihi mama yake aje mjini nasi. Bibi akamuuliza swali moja, fupi, na baba akageuka kwenda kwenye lori. Nilimuuliza baba kile bibi alichosema.

"Ameuliza kama mke wangu anajua kuwa yeye yupo duniani."

Tukarudi mjini tukiwa wawili. Njiani ndipo aliponieleza. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, mwaka ambao nzige walikula ulezi wote. Mama yake akamleta Sumbawanga, akamwacha kwa yule mfanyabiashara, awe anachota maji na kupanga mizigo, ili apate kula. Mzee akampenda. Akamtia chuo cha Kurani, akampa jina, akamfanya mwanawe. Siku ya posa, watu wa Kasanga walipouliza kijana ni wa wapi, mzee alijibu, "Ni wa kwangu," na watu wakaridhika.

"Sikusema uongo hata siku moja," baba akasema.

"Lakini kwa nini ulitaka kuendesha mwenyewe?"

Alibadilisha gia, gari likalalamika. "Dereva angembeba kama gunia," akasema.

Mama alikuwa akitusubiri uani. Baba alipita moja kwa moja kwenda kutawadha. Mama akanivuta jikoni.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kijana?"

"Ana meno mawili, mama. Ni mama yake mzazi. Baba ni Mfipa."

Alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa. Nilitegemea atafurahi kuwa hakuna mke mwenza. Alifurahi kidogo, niliona, na furaha ile ikamkera. "Bora angekuwa mke," akasema. "Mke ningejua jinsi ya kushindana naye. Sasa nimeolewa na nani?"

Nyumba ikapoa. Hawakugombana. Mama alimpakulia baba chakula, akamwandalia maji ya kuoga, ila alimwangalia kama mteja mgeni aliyeingia dukani na kusimama bila kuomba kitu. Kila jambo la zamani likafumuliwa upya. Kwa nini alipenda ugali wa ulezi wakati sisi tulikula wali. Kwa nini hakuwahi kucheka wajomba walipowacheka Wafipa, ila alitabasamu tu. Wajomba nao walipata habari, wakapanda kutoka Kasanga, wakakaa sebuleni na kusema ukoo umedanganywa. Mkubwa wao alitaka mama arudi nyumbani mpaka jambo lisafishwe.

"Lisafishwe na nini?" mama akauliza. "Mnataka kumwosha mtu asiwe wa alikozaliwa?"

Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipomtetea, na alionekana kushangaa mwenyewe. Wajomba walipoondoka aliniambia nitafute khanga iliyo mpya, kesho tunakwenda kwa mkwe wake.

Kesi ya ofisini ilikuwa imekwisha kwa maonyo. Vitu havikurudi, na balozi aliendelea kupita kila Jumamosi. Lakini kule kwenye kijiji kipya tulikuta shuku mbaya zaidi. Kibanda cha bibi kilikuwa cha mwisho kwenye mstari, na vigingi vya jirani yake vilikuwa vitupu, jirani kahamia mbali. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikandika ukuta alituambia bila kuulizwa, kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito, "Gari la mwanae ndilo lililotuhamisha. Alikuwa akija kila Ijumaa. Alikuwa anatuhesabu." Baba alikuwa pale, anateremsha mabati. Alimsikia. Akaendelea kuteremsha.

Mama alimwendea bibi akiwa amejifunika vizuri, akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu. "Habari za Majengo? Na wale ndugu zako wa mashua hawajambo?"

Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyeuza maharage sokoni maisha yake yote. Nikamtazama baba, naye akainamia kamba za mabati. Siku ya kuhama bibi alikuwa amelielewa kila neno, la katibu kata na langu, akakaa kimya nyuma ya lugha yake ili aone sisi ni watu gani.

Mama alikuwa amebeba wali na samaki kwenye sufuria. Bibi alishukuru, akaisogeza sufuria mbele ya mama. "Anza wewe." Mama akaelewa, uso ukamwiva, akamega tonge na kula. Ndipo bibi akala. Halafu bibi akaleta ugali wa ulezi na maharage, na mama, akiwa ametulia kabisa, akasema, "Anza wewe, mama." Bibi akamega, akatafuna kwa yale meno yake mawili, akameza, akafungua mdomo kumwonyesha. Nilidhani watagombana. Wakala wote wawili mpaka vyombo vikaisha, bila kuondoleana macho.

Bibi hakuhamia kwetu kamwe, ingawa mama mwenyewe alimwomba. Alisema akiondoka pale majirani watapata hakika ya walilolidhani. Akabaki. Mvua zilipoanza, baba alikwenda kila alipopata nafasi, na sasa alimchukua dereva, utingo na yeyote aliyetaka, akawasaidia watu kubeba nguzo na nyasi, na lori lilisimama katikati ya kijiji mahali pa wazi. Wengine walimpokea. Wengine walimaliza nyumba zao bila kugusa nguzo aliyoileta, na zile nguzo zikaoza kando ya njia.

Bibi alianza kuja mjini Jumapili. Akitoka misa alipitia dukani, akakaa kwenye kreti nyuma ya kaunta, akachambua maharage yetu bila kuombwa. Siku moja akaingia mwanamke wa Kasanga, wa kwao mama, mwenye marashi na maneno mengi. Akamwona bibi.

"Mmepata mfanyakazi?"

"Mkwe wangu," mama akasema, huku akipima sukari. "Mume wangu ni Mfipa wa kule ukingoni."

Alilisema kama anayetaja kuwa viberiti vimekwisha. Yule mwanamke akachukua sukari yake, akatoka. Bibi hakuinua kichwa. Mama alipoingia ndani kuswali, ndipo bibi aliponiinamia.

"Mama yako amesema hivyo kwa kuwa nipo," akaniuliza, "au husema hivyo hata nisipokuwepo?"

"Sijui, bibi."

"Hata mimi sijui," akasema. Akayamimina maharage safi kwenye gunia letu, akajitwika kapu lake, akatoka kwenda kutafuta wenzake wa kijijini, wale waliokubali kurudi naye njia moja.